Waya wa kuchajia: ukarabati wake Masisi na Walikale

Waya wa kuchajia tableti au kisomeo cha vitabu ni waya wa USB unaopeleka umeme wa volti 5 kutoka kwenye chaja hadi kwenye kifaa. Huharibika mapema kuliko sehemu nyingine zote, na karibu kila mara huharibikia mahali pamoja: sentimita chache kutoka kichwani, pale unapokunjwa kila ukichomekwa na kuchomolewa. Huko Masisi na Walikale, katika jimbo la Kivu Kaskazini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, waya uliokatika hautupwi upesi. Fundi simu au fundi redio hukata sehemu mbovu, humenya na kuunga upya.

Sababu ya kwanza ni umbali. Bidhaa za umeme huingilia Goma, na kutoka huko hadi Masisi-kati ni kama kilomita 80. Walikale-kati iko zaidi ya kilomita 200, kwa barabara inayogeuka tope wakati wa mvua. Vita vimeifanya njia hiyo kuwa ndefu zaidi. Waasi wa M23 waliteka Rubaya mwishoni mwa Aprili 2024, Masisi-kati na Goma Januari 2025, kisha wakaingia Walikale-kati mwezi Machi mwaka huohuo na kuondoka wiki chache baadaye. Sababu ya pili ni uhaba wa umeme wenyewe. Gridi ya shirika la SNEL haijafika sehemu kubwa ya maeneo haya, na watu hutegemea paneli ndogo za jua, betri za pikipiki, au vibanda vya kuchajisha vyenye jenereta. Mwenye saa chache za jua kwa siku hana umeme wa kupoteza ndani ya waya.

Tableti si kitu cha anasa huko. Wauguzi, walimu na wadodosaji wa mashirika ya misaada huzitumia kazini. KoboToolbox, programu ya kukusanyia takwimu kwa simu na tableti inayotumiwa leo dunia nzima, iliasisiwa na Patrick Vinck na Phuong Pham, watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard ambao wamefanya tafiti nyingi za maoni ya wananchi mashariki mwa Kongo. Mdodosaji anayekwenda vijiji visivyo na mtandao hubaki na majibu yote ndani ya kifaa mpaka arudi penye mawimbi, na kifaa kikizimika kazi ya siku husimama.

Ukiumenya waya wa kawaida wa USB utakuta nyaya nne ndogo. Nyekundu hubeba volti 5, nyeusi hurudisha umeme, nyeupe na kijani ni za mawasiliano. Hizo ndizo rangi za kiwango rasmi, lakini watengenezaji wa nyaya za bei ya chini hawazijali, kwa hiyo fundi makini hupima kwa multimeta kabla ya kuamini macho yake. Nyeupe na kijani hazibebi umeme wa kuchaji, na mafundi wengine huziacha bila kuziunga. Hilo ni kosa. Kifaa huzitumia kutambua kimechomekwa wapi: katika chaja nyingi za ukutani nyaya hizo mbili zimegusanishwa kwa ndani, na kifaa kikigundua hivyo hujiruhusu kuvuta hadi ampea 1.5. Kikikosa ishara hiyo, vifaa vingi hubaki kwenye ampea 0.5 au pungufu, na tableti inayotumika huku ikichajiwa inaweza hata kuzidi kuishiwa. Iwapo nyaya za mawasiliano zimeharibika kabisa, huwezekana kugusanisha nyeupe na kijani upande wa kifaa. Hila hiyo ifanywe tu kwa chaja yenye nguvu ya kutosha, na waya huo hautahamisha faili tena.

Alama ya betri ikitokea kwenye kioo, mteja huona kazi imekwisha. Bado. Waya mwembamba wa shaba wa geji 28, ambao ni wa kawaida katika nyaya za bei ya chini, una ukinzani wa takriban omu 0.21 kwa kila mita. Umeme huenda na kurudi, hivyo waya wa mita moja una omu 0.43 hivi. Tableti ikitaka kuvuta ampea 2, karibu volti 0.85 hupotea njiani na kinachofika ni volti 4.15 badala ya 5. Betri ya lithiamu hujaa inapofika volti 4.2, hapo hesabu imekwisha kukataa. Kifaa huhisi volti zikishuka, hupunguza mvuto, na kilichokuwa cha kuchajiwa saa tatu huchukua siku nzima. Waya mnene wa geji 24 hupoteza volti 0.34 tu kwa mzigo uleule. Ndiyo maana dawa iliyo rahisi kuliko zote mara nyingi ni mkasi: waya wa mita moja ukifupishwa hadi sentimita 40, upotevu hupungua kwa zaidi ya nusu, na ukiungwa vizuri unaweza kuchaji haraka kuliko ulivyokuwa dukani. Wateja huona waya mfupi ni hasara. Wamekosea.

Kabla ya kukata chochote, tundu la kifaa likaguliwe. Vumbi na nyuzi za mfukoni hujazana humo mpaka kichwa kisiingie vizuri, na kijiti cha meno, kifaa kikiwa kimezimwa, humaliza tatizo ambalo lilidhaniwa ni la waya. Tundu likiwa safi, waya huchomekwa na kukunjwa taratibu kuanzia kichwa kimoja hadi kingine. Pale chaji inapokuja na kupotea ndipo palipokatika. Multimeta huthibitisha kila uzi peke yake.

Kuunga kwenyewe kunataka subira kuliko utaalamu. Waya hukatwa sentimita mbili au tatu kupita palipoharibika, na mrija wa plastiki unaosinyaa kwa joto huvishwa kabla ya kuunga, jambo ambalo fundi mwenye haraka hulikumbuka akiwa amekwisha kulehemu. Nyaya nne hukatwa kwa urefu tofauti ili viungo visikae bega kwa bega. Vikilingana, nyekundu na nyeusi zitagusana siku moja ndani ya gamba. Baadhi ya nyaya zimepakwa rangi ya vanishi isiyopitisha umeme na kuchanganywa na uzi wa nailoni, na hizo hazishiki lehemu mpaka vanishi ikwanguliwe au kuunguzwa. Penye inveta au jenereta hutumika chuma cha kulehemia cha umeme. Pasipo na umeme, kipande kinene cha shaba kilichopashwa kwenye makaa ya mbabula, yaani jiko la mkaa, hufanya kazi hiyohiyo. Lehemu ya bati na risasi huyeyuka kwenye nyuzi 183 za Selsiasi, ile isiyo na risasi huhitaji 217 au zaidi, kwa hiyo penye makaa ile ya kwanza ni rahisi zaidi, ila mikono ioshwe kabla ya kushika chakula.

Kiungo kilichosokotwa kwa vidole tu hufanya kazi kwa muda. Katika nyanda za juu za Masisi huenda kikadumu. Katika msitu wa Walikale, ambako hewa ina unyevu mwaka mzima, shaba iliyo wazi hushika kutu ya kijani na ukinzani hupanda. Baada ya kulehemu, kila uzi hufungwa peke yake, kisha waya wote huviringishwa ukanda wa mpira wa tyubu, uleule unaofungia mizigo kwenye chukudu, kile kigari cha mbao cha kusukuma. Springi ya kalamu ikivishwa shingoni mwa kichwa huzuia waya usikunjwe tena mahali palepale.

Bati lililomo katika lehemu hiyo lina historia na Walikale. Karibu nusu ya bati linalotumika duniani huishia kwenye lehemu, na mlima wa Bisie, ndani ya msitu wa Walikale, ulianza kuchimbwa kasiteriti, mawe yenye bati, kwa wingi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mawe yalibebwa mgongoni kupita msituni, kisha yakapakiwa kwenye ndege ndogo zilizotua juu ya barabara huko Kilambo, kuelekea Goma. Makundi ya wenye silaha, wakiwemo askari wa serikali, waliudhibiti mlima huo kwa miaka. Septemba 2010 Rais Joseph Kabila alipiga marufuku uchimbaji wa mikono katika Kivu zote mbili na Maniema, marufuku iliyoondolewa Machi 2011. Tangu 2019 kampuni ya Alphamin huchimba hapo kwa mitambo, na mwaka 2024 ilitoa zaidi ya tani 17,000 za bati. Ilisimamisha kazi Machi 2025 M23 walipokaribia, ikarudi mwezi uliofuata. Madini hayo huyeyushwa nje ya nchi, na lehemu anayoinunua fundi wa Walikale huja kama bidhaa ya kuagizwa. Koltani, madini yenye tantalamu yanayochimbwa Rubaya, ni habari nyingine. Watu hupenda kusema kwamba imo ndani ya waya wa simu, haimo. Tantalamu yake hukaa katika kapasita ndogo kwenye ubao wa kifaa chenyewe.

Si kila waya unafaa kuungwa. Ule unaovutwa na sumaku mahali palipomenywa una chuma badala ya shaba, na ule wenye alumini iliyopakwa shaba hukataa lehemu punde tabaka la juu linapokwanguka. Waya wa Lightning wa Apple, ulioanza 2012, una chipu ndani ya kichwa, hivyo unaweza kuungwa katikati lakini kichwa hakibadilishwi kwa kichwa chochote. Waya wa USB-C wenye vichwa viwili vya aina hiyo una uzi mwingine mwembamba wa kutambulishana. Usipoungwa, chaja haitoi umeme kabisa.

Kosa linaloua kifaa moja kwa moja ni kuunganisha waya wa USB na paneli bila kibadilishi. Paneli inayoitwa ya volti 12 hutoa volti 18 hadi 21 juani ikiwa haina mzigo, na tableti imeundwa kupokea 5.

Visomeo vingi vya zamani hutumia kichwa cha micro-USB, kilichotangazwa 2007. Kindle Paperwhite ilihamia USB-C mwaka 2021, na tangu tarehe 28 Desemba 2024 Umoja wa Ulaya unalazimisha USB-C kwa tableti na visomeo vipya vinavyouzwa huko. Nyaya za micro-USB zitazidi kuadimika madukani, na fundi mwenye akili hukata vichwa vya chaja za simu zilizokufa na kuvihifadhi kwenye kopo.