Tarehe ya Mabaharia wa Starfleet

Starfleet ni jeshi la kubuni la vipindi vya televisheni vya Star Trek, linalosafiri kati ya nyota, na historia yake imesimuliwa karibu yote kwa majina ya makapteni. Kirk, Picard, Sisko na Janeway wanajulikana hata na watu wasiotazama Star Trek. Tarehe hii ni ya wenzao wasio na kamisheni, walioandikishwa bila kupitia Chuo cha Starfleet, wanaoshika spana na kukesha zamu wakati kapteni amelala. Jeshi hilo linajinadi kuwa la binadamu waliokwisha kuacha tofauti za mkubwa na mdogo. Kwangu mimi, ukweli wa madai hayo hupimwa kwa namna linavyowatendea watu hawa.

Mwanzoni hawakuwapo kabisa, au ndivyo ilivyodaiwa. NBC ya Marekani ilipoonyesha kipindi cha kwanza tarehe 8 Septemba 1966, mbunifu wake Gene Roddenberry alikuwa na msimamo kwamba kila aliyemo ndani ya meli Enterprise ni mtaalamu wa kiwango cha mwanaanga, na kwa hiyo kila mmoja ni afisa. Roddenberry alijua jeshi. Alirusha ndege za mabomu katika Vita Vikuu vya Pili, kisha akawa polisi Los Angeles. Nia yake ilikuwa njema: alitaka meli ambayo hakuna mtu wa kuamrishwa tu. Lakini kuwafuta askari wa kawaida hakufuti kazi zao.

Hadithi zenyewe zilimsaliti mapema. Katika vipindi vya mwanzo yumo Janice Rand, aliyeigizwa na Grace Lee Whitney. Cheo chake ni yeoman, ambacho katika Jeshi la Majini la Marekani ni cha mabaharia wa kazi za ukarani. Anampelekea Kirk ripoti za kutia sahihi, anampelekea kahawa. Kabla ya msimu wa kwanza kwisha alikuwa ameshaondolewa. Alirudi katika filamu ya kwanza, mwaka 1979, akiwa chifu kwenye mtambo wa kusafirisha watu kwa miali. Katika filamu ya sita, mwaka 1991, ni afisa ndani ya Excelsior chini ya Kapteni Sulu. Kutoka karani hadi chifu, kutoka chifu hadi afisa! Hiyo ndiyo safari kamili ya kwanza tunayoijua ya mtu wa ngazi za chini, na hakuna hata kipindi kimoja kilichotusimulia alivyoipanda. Tunamkuta tu amekwisha kufika. Naliona hilo kuwa dhuluma kwa Rand na kwa mtazamaji.

Hapa yafaa kueleza chifu ni nani. Jeshi la Majini la Marekani, ambalo Starfleet ilikopa vyeo vyake, liliweka rasmi cheo hicho tarehe 1 Aprili 1893. Chifu ndiye mkubwa wa wasio na kamisheni, aliyekula chumvi ya kutosha kumweleza luteni kijana kwamba mashine haitawaka kwa amri. Mabaharia wa pwani yetu watamtambua upesi: ni kama serahangi, anayesimama kati ya nahodha na mabaharia, na chombo humtegemea kwa mengi ambayo nahodha hayaoni.

Chifu mashuhuri wa Starfleet aliingia kwa mlango wa nyuma. Tarehe 28 Septemba 1987, mfululizo wa The Next Generation ulipoanza kwa kipindi cha “Encounter at Farpoint”, mwigizaji wa Dublin, Colm Meaney, aliketi kwenye usukani wa meli akiwa kijana asiye na jina. Kola yake ilibeba kitone kimoja cha dhahabu, alama ya ensaini, ambaye katika majeshi ya nchi kavu ni kama luteni usu. Msimu uliofuata akahamia chumba cha miali, vitone vikawa viwili, na Riker, afisa mkuu wa meli, akamwita luteni. Jina la O’Brien alilipata mwaka 1989.

Kisha, Oktoba 1990, kikaja kipindi cha “Family”, kilichoandikwa na Ronald D. Moore. Wazazi waliomlea Worf, afisa Mklingoni wa meli, wanaitembelea Enterprise. Baba yake, Sergey Rozhenko, ni chifu mstaafu, na anafurahi kama mtu aliyekuta ndugu ugenini, kwa kuwa anayewapokea, O’Brien, ni chifu mwenzake. Kwa mazungumzo hayo mafupi uluteni wa O’Brien ukayeyuka. Kwa kumbukumbu za ofisini, mtu huyo ameshushwa cheo bila kosa. Mimi nasema ndipo alipopata cheo chake cha kweli, kwa sababu tangu siku hiyo alikuwa na asili, na waandishi walikuwa na mtu wa kumwandikia maisha.

Maisha hayo yalikuja vipande vipande. Katika “The Wounded”, Januari 1991, tunajua kwamba alipigana kwenye sayari ya Setlik III dhidi ya Wacardassia, na kwamba huko ndiko alikoua kwa mara ya kwanza, hajapona. Mwaka 1994, katika “Shadowplay”, anamsimulia kijana Jake Sisko jinsi baba yake mwenyewe alivyotaka O’Brien awe mpiga selo, naye akajiandikisha Starfleet siku 2 kabla ya kuanza masomo katika chuo cha muziki cha Aldebaran. Mwaka huohuo, katika “Paradise”, anaeleza kwamba ufundi alijifunza pale Setlik, alipolazimika kutengeneza mtambo wa miali ili wenzake waokoke. Baada ya hapo akafanywa afisa wa silaha kwenye meli Rutledge. Alipewa kazi ya afisa akiwa hana kamisheni, na mtindo huo haukumwacha tena.

Hapo ndipo ilipo siri ya ngazi ya Starfleet. Cheo husimama, wadhifa hupanda. Mfululizo wa Deep Space Nine ulipoanza Januari 1993, O’Brien alikabidhiwa uendeshaji wa kituo kizima cha angani. Katika “Rules of Engagement” ya mwaka 1996 rekodi yake inasomwa mbele ya baraza: miaka 22 ya utumishi, mapambano 235, nishani 15. Na bado ni chifu. Wapo watakaoona heshima katika hilo, kwamba anapimwa kwa kazi yake. Mimi naona pia jeshi lililozoea kumbebesha mtu mzigo wa afisa bila kumpa haki za afisa.

Wengine hawakuwa hata na bahati hiyo. Simon Tarses wa “The Drumhead”, Aprili 1991, ni baharia daraja la kwanza, fundi wa tiba. Wazazi wake walimtaka aende chuoni. Yeye hakuweza kungoja miaka 4 darasani. Alipojiandikisha alificha kwamba babu yake ni Mromula, wa taifa adui, akasema ni Mvulkani, na uongo huo ukataka kummaliza. Picard anamkaribisha chai na kuzungumza naye kama mtu. Onyesho hilo ni tulivu, na naliweka juu ya vita vyote vya The Next Generation. Mortimer Harren wa “Good Shepherd”, mwaka 2000, alihitaji mwaka mmoja tu wa uzoefu ili aende kusomea kosmolojia. Meli yake, Voyager, ikapotea upande wa pili wa galaksi, naye akabaki sitaha ya 15, ya chini kabisa, akiwa baharia tu.

Naye Enrique Muniz alikufa. Katika “The Ship”, mwaka 1996, baharia huyu anajeruhiwa chini ya uangalizi wa O’Brien, ambaye anakataa kukubali kwamba kijana wake anakwisha. Mwishoni chifu anaketi kando ya jeneza, na Worf, afisa, anakuja kukesha naye kwa desturi ya Kiklingoni.

Mwaka 2020 ubishi wa vyeo ulitoka kwenye kioo ukaingia bungeni. Baraza la Wawakilishi la Marekani lilipitisha pendekezo kwamba Jeshi jipya la Anga za Juu litumie vyeo vya majini, na William Shatner, aliyemwigiza Kirk, akaandika kuliunga mkono. Halikuingia katika sheria ya mwisho. Vyeo vilipotangazwa mwaka 2021, askari wa chini wakaitwa wataalamu, daraja la 1 hadi la 4, kisha masajini. Jeshi la kweli limechora ngazi yake wazi, kidato kwa kidato, jambo ambalo la kubuni halijawahi kufanya.

O’Brien aliondoka kituoni katika kipindi cha mwisho cha Deep Space Nine, Juni 1999, kwenda Duniani kufundisha uhandisi katika Chuo cha Starfleet, kilekile asichokipitia. Ni heshima kubwa, na aliistahili. Lakini waandishi wa Star Trek bado wana deni la kutuonyesha, hatua kwa hatua, baharia anayepanda mbele ya macho yetu. Wakati tunangoja, msomaji ambaye hajawajua watu hawa na aanze na “Family”, aendelee na “The Drumhead”, kisha atazame “The Ship”. Kila kimoja hakifiki saa nzima.