Programu za Simu: Muislamu Azichague Vipi Kabla ya Kuzipakua?



Maswali yanayotufikia kuhusu programu za simu ni mengi, na karibu yote yanaanza hivi: je, programu fulani ni halali? Asili ya vitu ni kuruhusiwa mpaka ije dalili ya kukataza, na programu ni chombo tu. Lakini mara nyingi uhalali si tatizo. Tatizo ni kwamba muulizaji ameshaipakua, ameshabonyeza “kubali” mara nne bila kusoma, na ndipo anatuuliza. Sisi wenyewe zamani tulikuwa tukiwajibu watu kwamba waangalie nyota na idadi ya waliopakua, basi. Jibu hilo halikutosha, na tunapenda kulirekebisha hapa.

Tuanze na jambo lililowashtua wengi. Novemba 2020, jarida la Motherboard la Marekani liliandika kwamba Muslim Pro, programu ya nyakati za Swalah na Qibla ambayo wakati huo ilikuwa imepakuliwa zaidi ya mara milioni 98, ilikuwa ikipeleka taarifa za mahali walipo watumiaji wake kwa kampuni iitwayo X-Mode. Kampuni hiyo nayo ilikuwa ikiuza taarifa za namna hiyo kwa wakandarasi wa jeshi la Marekani. Kwa uadilifu tuseme pia upande wa pili: wenye programu walikanusha kuliuzia jeshi chochote moja kwa moja, na wakatangaza kukata uhusiano na X-Mode. Mwezi uliofuata, Google na Apple ziliwaamuru watengenezaji kuondoa kipande cha X-Mode ndani ya programu zao. Januari 2024, tume ya Marekani ya kulinda walaji iliizuia kampuni hiyo, iliyokwisha badili jina, kuuza taarifa za mahali penye usiri kama vile hospitali na nyumba za ibada.

Mwaka 2022 likaja la pili. Watafiti waligundua kipande kingine cha kukusanya taarifa ndani ya programu kadhaa, zikiwemo za adhana na za Qibla zilizopakuliwa zaidi ya mara milioni 10. Kilikuwa kikichukua namba za simu, barua pepe na hata maandishi ambayo mtumiaji ameyanakili ili kuyabandika pengine. Google ikaziondoa, kisha baadhi zikarudi baada ya kutolewa kipande hicho. Zingatia kwamba zote zilikuwa ndani ya duka rasmi na zilikuwa na nyota nyingi. Waliotoa nyota walisifu sauti ya muadhini, na hawakuwa na njia ya kuona kinachopita nyuma.

Kwa nini programu ya Swalah ijue ulipo? Kwa sababu nyakati hutegemea jua na mahali. Lakini haihitaji kujua nyumba yako, duka lako na msikiti unaoswali. Jina la mji linatosha. Kwa hiyo programu inapoomba mahali ulipo, kataa, kisha andika mwenyewe Tanga, Mombasa au Bujumbura. Programu nzuri itakubali. Isiyokubali, iache. Ikiwa ni lazima kuiruhusu, chagua iruhusiwe wakati unapoitumia tu, na kwenye Android 12 na kuendelea unaweza kuipa mahali pa kukadiria badala ya mahali hasa. Maombi ya majina uliyohifadhi kwenye simu, ujumbe mfupi au kipaza sauti hayana uhusiano wowote na Swalah.

Kwenye ukurasa wa kila programu katika Play Store ipo sehemu ya “Usalama wa data”. Isome, lakini ujue kwamba anayeijaza ni mtengenezaji mwenyewe. Ni ushahidi wa mtu juu ya nafsi yake. Suratul Hujuraat aya ya 6 inatuamrisha kuhakikisha habari kabla hatujawadhuru watu kwa kutojua, na kuhakikisha hapa ni kutazama jina la mtengenezaji, programu zake nyingine, tarehe ya mwisho ya kurekebishwa, na maoni ya nyota moja na mbili. Hayo ya nyota moja ndiyo yenye faida. Na faili za programu zinazorushwa kwenye makundi ya WhatsApp, hata zikiwa na jina la Ramadhani, usizifungue kabisa.

Baada ya kuipata, ijaribu. Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa karibu ziko kwenye mstari mmoja na Makka, kwa hiyo Qibla chake ni kaskazini, kikielekea mashariki kwa kiasi kidogo mno. Kigoma na Bujumbura ni takriban digrii 20 kutoka kaskazini kuelekea mashariki. Simu ikikuonesha vingine, kwanza vua kava lenye sumaku.

Nyakati zina mtego wake. Programu nyingi hukuletea orodha ya njia za kukokotoa: Rabita ya Makka hutumia digrii 18 kwa Alfajiri, taasisi ya Amerika ya Kaskazini hutumia 15. Katika miji yetu tofauti hiyo ni kama dakika 12, na katika Ramadhani dakika 12 ni mtu kuendelea kula daku ilhali msikiti wa jirani umeshaadhini. Alasiri nayo, ukiiacha kwenye Hanafi badala ya Shafi, itachelewa takriban saa moja. Linganisha na ratiba ya msikiti wako kwa siku mbili tatu kabla ya kuitegemea.

Kwa programu za Qur-ani, tafuta jina la mfasiri. Isiyomtaja, usiisome tafsiri yake. Kwa Kiswahili ipo tafsiri ya mmishenari Godfrey Dale ya mwaka 1923, ipo ya Maahmadia ya mwaka 1953, na zipo za Sheikh Abdullah Saleh Farsy na Sheikh Ali Muhsin Barwani. Tumeona programu isiyotaja yeyote, na msomaji hana njia ya kujua anasoma maneno ya nani. Kuhusu matangazo ya kamari yanayojitokeza chini ya aya, tunaona ni kuikosea heshima Qur-ani, na zipo programu zisizo na matangazo kabisa. Hakuna dharura ya kuvumilia hayo.

Linalotuumiza zaidi ni programu za mikopo. Dada mmoja alituandikia kwamba alikopa kiasi kidogo cha ada ya mtoto, akachelewa siku chache, na mkopeshaji akaanza kuwapigia wakwe zake, mwalimu wa madrasa, hata fundi cherehani, akiwaambia kuwa ni mwizi. Namba zote alizitoa yeye mwenyewe siku ya kupakua, alipobonyeza “ruhusu”. Alituuliza kama analazimika kulipa ile ziada. Tulimjibu kwamba nyongeza yoyote iliyoshurutishwa kwenye mkopo ni riba, hata ikiitwa ada ya huduma, na kwamba anatakiwa kulipa asili ya deni na kutubia. Wanazuoni wa Majmaa ya Fiqhi ya Jiddah waliruhusu gharama halisi ya uendeshaji tu, si asilimia inayopanda kwa kadiri ya siku. Akilazimishwa kulipa ziada, dhambi ya kulazimisha ni ya aliyelazimisha. Na kuaibisha mdaiwa kwa watu wake ni dhulma nyingine mbali na riba.

Sheria nayo ina la kusema. Kenya ilitoa kanuni za wakopeshaji wa kidijitali mwaka 2022. Mwaka 2023 Google ilizikataza programu za mikopo binafsi kusoma majina na picha za simu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majina ya majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni. Aliyefikwa na hayo apige picha ya ujumbe wote wa vitisho, aondoe ruhusa kwenye mipangilio ya simu kabla ya kuifuta programu, kisha apeleke malalamiko Benki Kuu na polisi. Kuifuta hakurudishi namba zilizokwisha chukuliwa. Kwa hiyo awaarifu jamaa zake mwenyewe mapema, kabla hawajapigiwa.

Wa Allahu A‘lam.