Besi Mali ya Shirika

Muulize mzee aliyepiga besi kwenye bendi za Dar es Salaam miaka ya sabini gitaa lake la kwanza alilinunua duka gani, utakuwa umeuliza swali lililokaa vibaya. Besi ilikuwa hainunuliwi. Besi ulikuwa unaikuta. Imeegemezwa kwenye amplifaya ukumbini, mali ya chama cha wafanyakazi, ya kiwanda cha nguo, ya jeshi au ya shirika la bima, na siku uliyoajiriwa ndiyo siku uliyokabidhiwa. Siku ukihama bendi, unaondoka na shati lako na jina lako. Besi inabaki ikimsubiri mwenzako.

Mambo hayo yana mizizi mirefu. Dar es Salaam Jazz Band iliundwa mwaka 1932, na tangu enzi hizo bendi za mjini ziliendeshwa kama klabu: kuna wanachama, kuna kamati, kuna michango. Vyombo vilinunuliwa kwa fedha za wote, kwa hiyo vikawa vya wote, maana yake havikuwa vya mtu. Mchana wapigaji walikuwa na kazi zao nyingine, jioni wanakutana. Gitaa la besi la umeme lenyewe lilikuwa bado halijafika. Leo Fender alianza kuuza besi yake ya Precision huko Marekani mwaka 1951, na huku kwetu magitaa ya umeme yalikuja kutamba miaka ya sitini, wakati rumba ya Kongo imeshateka masikio ya watu.

Kisha ukaja mwaka 1964. Chama cha wafanyakazi, NUTA, kikaanzisha bendi yake na kuwafanya wanamuziki waajiriwa wa mshahara. Lilikuwa jambo geni, na lilinoga. Mwimbaji Muhiddin Maalim Gurumo alikuwa miongoni mwa waliojiunga. Bendi ile imebadilishwa jina kila chama kilipobadilika: NUTA Jazz, JUWATA, OTTU, na leo Msondo Ngoma. Walioona faida yake walikuwa wengi. Kiwanda cha Urafiki pale Ubungo kilianzisha Urafiki Jazz mwaka 1970, nia ikiwa kutangaza vitambaa vyake, na mpiga besi wa Urafiki akawa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo sawa na mwenzake aliyesimama kwenye mashine ya kufuma. Shirika la biashara la taifa likawa na STC Jazz. Bima wakawa na Bima Lee. Umoja wa vijana wa chama tawala wakawa na Vijana Jazz, polisi wakawa na Polisi Jazz, JKT na Kimulimuli, jeshi na Mwenge Jazz. Ukitaka kujua uchumi wa Ujamaa ulivyopangwa, soma orodha ya bendi zake. Inaeleza vizuri kuliko hotuba nyingi.

Kwa hiyo besi iliyopendwa na mtu ilikuwa imeandikwa kwenye daftari la mali za ofisi pamoja na meza, viti na taipureta. Mwenye kuipenda alikuwa hana haki nayo yoyote isipokuwa kuipiga. Ungejua pikapu ipi inakoroma, ungejua shingo imepinda kiasi gani na uzi gani unapotea tyuni kukiwa na joto, ungeipiga mpaka rangi ikatoka pale mkono unapoegemea, na bado isingekuwa yako.

Hata mwenye fedha zake asingeweza kufanya vinginevyo kirahisi. Gitaa zuri lilitoka nje, na cha nje kilitaka fedha za kigeni. Zamani mtu angepanda basi mpaka Nairobi akatafute huko, lakini mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Kenya ukafungwa, ukafunguliwa tena mwishoni mwa 1983. Miaka hiyo watu walipanga foleni ya sukari na sabuni. Nani angeidhinishiwa fedha za kigeni kwa ajili ya nyuzi nne za chuma? Shirika la umma lilikuwa na mlango wa kugonga. Mtu binafsi hakuwa nao.

Kuna kichekesho kimoja ninachokipenda katika habari hii. Mpiga besi maarufu wa JUWATA na Msondo, Suleiman Mwanyiro, aliitwa Computer, kwa sifa ya vidole visivyokosea hesabu. Nchi aliyokuwa akipigia besi ilikuwa imepiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974. Wengi waliomshangilia ukumbini walikuwa hawajawahi kuiona mashine yenyewe, lakini walishajua inavyosikika.

Nyuzi zilikuwa shida kuliko gitaa. Gitaa la mbao ngumu litadumu miaka ishirini likitunzwa. Uzi wa besi unachoka. Uzi ule ni waya wa katikati uliozungushiwa waya mwingine mwembamba, na katikati ya mizunguko hiyo jasho na mafuta ya vidole huingia na kuganda. Sauti inafifia, inakuwa kama ngumi juu ya gunia. Dawa yake inajulikana na wapiga besi wa dunia nzima: unazilegeza nyuzi, unazikunja mviringo, unazitia kwenye sufuria ya maji yanayochemka na kuziacha dakika kadhaa, kisha unazifuta na kuzianika zikauke kabisa zisije zikashika kutu. Maji yanayobaki yana rangi ya chai ya rangi. Ukizirudisha, besi inang'aa tena kwa maonyesho machache, halafu inarudi kulekule. Uzi ukikatika ndipo akili inapotumika hasa. Waya wa klachi ya pikipiki au wa breki ya baiskeli umeshawahi kufanya kazi ambayo aliyeutengeneza hakuiwazia, hasa kwenye magitaa ya galoni ambayo watoto wa uswahilini walijitengenezea wenyewe.

Kujifunza nako kulikuwa na njia zake. Redio Tanzania Dar es Salaam ndiyo iliyorekodi bendi zote kubwa, katika studio zake za Barabara ya Pugu, bendi nzima ikipiga kwa pamoja mbele ya vipaza sauti vichache. Mtoto wa Tandika au Mwananyamala angeweza kusikiliza solo kwenye redio ya National ya nyumbani na kuiiga noti kwa noti. Besi ilikuwa habari nyingine. Uzi mnene wa besi unatikisika takriban mara 41 kwa sekunde, na spika ya redio ndogo haiwezi kabisa kuutoa mtikisiko huo. Unachosikia ni kivuli chake tu. Anayetaka kujua besi inafanya nini ilimbidi atoke nyumbani aende ukumbini, DDC Keko, DDC Magomeni Kondoa, TCC Chang'ombe, Vijana pale Kinondoni, na kama hana kiingilio asimame nje ya ukuta. Ukutani, kwa bahati nzuri, besi ndiyo inayopita; solo inabaki ndani na waliolipa. Nadhani ndiyo sababu vitongoji vilivyozunguka kumbi hizo vimetoa wapiga besi wengi.

Na ukisikiliza vizuri dansi la Dar utaona besi yake haijazi kila nafasi kwa pupa. Inasema neno, inanyamaza, inaziachia tumba zijibu, inarudi. Wageni waliozoea besi inayotembea bila kupumzika huona kama kuna kitu kimesahauliwa. Hakikusahauliwa. Wachezaji wanacheza ndani ya ule ukimya.

Kutoka ukutani mpaka kuishika, mara nyingi njia ilipita kwenye kubeba vyombo. Kijana anajitolea kushusha spika kwenye gari, anakunja waya, anatumwa sigara, na wakubwa wakienda kula baada ya mazoezi anabaki na gitaa lisilo na mwenyewe kwa nusu saa. Halafu siku moja mpiga besi anaugua, au amehamia bendi nyingine bila kuaga, jambo ambalo halikuwa nadra, na kiongozi anatazama huku na huku. Wapiga gitaa wengine wote wanataka solo. Hata Paul McCartney aliipata besi hivyo hivyo: Stuart Sutcliffe alipoiacha Beatles mwaka 1961, hakuna aliyeitaka nafasi yake, ikamwangukia yeye. Alinunua Höfner mjini Hamburg mwaka huohuo. Iliibwa London mwaka 1972, na mwaka 2024 ikatangazwa kwamba imepatikana na kurudishwa kwake. Nusu karne watu wanatafuta besi moja! Huku kwetu besi zilizopiga nyimbo ambazo redio inazirudia mpaka leo hakuna anayeweza kuzitafuta, kwa sababu hakuna aliyezipoteza. Zilichakaa kazini.

Wanamuziki walijua vizuri kwamba mwenye vyombo ndiye mwenye bendi. Mlimani Park, wana Sikinde, ilianza mwaka 1978 chini ya kampuni ya umma ya teksi na usafiri, TTTS. Kampuni ilipofilisika, bendi ikachukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la jiji, mwaka 1983, na Sikinde ikaendelea bila kukatika. Miaka miwili baadaye mfanyabiashara Hugo Kisima, mwenye Safari Resort ya Kimara, aliwachomoa Gurumo, Hassan Bitchuka, Abel Balthazar na wengine kutoka Sikinde akaunda International Orchestra Safari Sound, wana Ndekule. Mji mzima ulizungumzia sauti zilizohama. Vyombo vya DDC havikuhama. Sikinde walibaki navyo, wakapanga upya safu na kuendelea kupiga, na ushindani uliofuata ulikuwa neema kwa wapenzi wa dansi.

Waliojaribu njia tofauti ni Wakongo wa bendi ya Maquis. Waliunda kampuni yao wenyewe, OMACO, mali ikawa ya bendi. Ni wazo ambalo wenzao wa mashirika walilitazama kwa hamu, naamini, hasa mwisho wa mwezi mshahara ulipochelewa.

Wapo wanaoulilia mfumo wa mashirika mpaka leo, na nawaelewa. Mtu alikuwa na ajira, alikuwa na ukumbi, alikuwa na amplifaya inayofanya kazi, akawa na muda wa kukomaa kwenye chombo kimoja. Lakini kuna upande ambao husimuliwa kwa sauti ya chini: mtu aliyepiga besi miaka ishirini aliweza kustaafu bila hata uzi mmoja ndani ya nyumba yake. Mwanaye akitaka kujifunza, hakuna cha kumwonyesha. Fundi cherehani huacha cherehani. Mpiga besi wa shirika aliacha sifa.

Biashara ilipolegezwa kuanzia mwaka 1984, na Mzee Mwinyi akaingia Ikulu mwaka uliofuata, bidhaa zilirudi madukani na mashirika yakaanza kuyumba. Ungetegemea kwamba sasa kila mmoja angenunua lake. Haikuwa hivyo. Bendi mpya zilizoibuka, kama African Stars, wana Twanga Pepeta, waliojaza Mango Garden pale Kinondoni, zilikuwa chini ya kampuni binafsi. Mmiliki amebadilika, mpiga besi bado anaikuta besi jukwaani. Na kule Mwananyamala na Temeke vijana wa muziki wa mchiriku walilimaliza tatizo kwa kuliruka kabisa: kinanda kidogo cha Casio, ngoma, kipaza sauti cha honi, basi. Hawakungoja gitaa la mtu. Ukitaka kuelewa muziki wa singeli ulikotoka, anzia hapo.

Leo besi ya kwanza ya kijana wa Kinondoni au Mbagala, mara nyingi sana, iko kanisani. Remmy Ongala mwenyewe alimalizia maisha yake kwenye muziki wa injili, Cosmas Chidumule wa Sikinde naye akaenda huko, na makanisa ya kilokole yamekuwa shule kubwa ya muziki wa vyombo kuliko ukumbi wowote wa dansi uliobaki. Kijana anajifunza kwa kwaya, mazoezi Jumamosi, ibada Jumapili, besi inafungiwa stoo na ufunguo anao mzee wa kanisa. Ni ileile habari ya NUTA, mwajiri ndiye amegeuka. Isipokuwa jambo moja. Besi ya chama cha wafanyakazi ilitengenezewa baa. Ya kanisa haiendi baa. Kijana akishaanza kuitwa kupiga kwenye harusi za ukumbini na bendi za Ijumaa usiku, hawezi kumwendea mzee wa kanisa kuomba ufunguo na kumweleza anakokwenda. Hapo ndipo anapoanza kudunduliza fedha na kuzunguka maduka ya Kariakoo, akijaribu shingo moja baada ya nyingine huku mwenye duka akimuuliza kama ananunua au anapiga tu.