Hoteli ya Coover na fasihi iliyozaliwa kompyutani

Mnamo Juni 1992 gazeti la New York Times lilichapisha makala ya Robert Coover kuhusu mwisho wa vitabu, na wapenzi wa vitabu wakashtuka. Coover hakuwa fundi wa kompyuta. Alikuwa mwandishi wa riwaya na mwalimu wa uandishi wa kubuni katika Chuo Kikuu cha Brown, mjini Providence, Marekani, na fasihi ya kompyuta aliyoieleza alikuwa ameshaanza kuifundisha darasani.

Brown ilikuwa imeandaa uwanja zamani. Mwaka 1967 Andries van Dam wa chuo hicho, pamoja na wanafunzi na Ted Nelson, aliyebuni neno haipateksti, walitengeneza mfumo wa maandishi yenye viungo: badala ya kufuata kurasa, msomaji huchagua kiungo akarukia kwingine. Mwaka 1976 mfumo uliourithi ulitumika kufundishia ushairi. Wanafunzi waliandika maoni juu ya mashairi na wenzao wakawajibu humohumo kompyutani, miaka mingi kabla intaneti haijafika majumbani.

Coover mwenyewe alikuwa ameshaanza kuuvunja mstari mnyoofu wa masimulizi. Hadithi yake "The Babysitter", ya mwaka 1969, inasimulia jioni moja kwa vipande vinavyokanushana. Katika warsha yake ya Brown, wanafunzi walijenga hoteli ya maandishi kompyutani. Kila mmoja aliruhusiwa kuingia, kufungua chumba kipya, kuchimba ujia, hata kuvuruga maandishi ya mwenzake. Hapa ndipo ninapoona ujasiri wa mwalimu huyu. Tangu Chuo Kikuu cha Iowa kilipoanzisha warsha yake ya uandishi mwaka 1936, desturi ya madarasa haya ni mwanafunzi kuleta kazi yake, wenzake wakaichambua, naye akarudi nayo kuisahihisha. Hotelini hakuna aliyerudi na chake. Mhusika uliyemuua ungeweza kumkuta yu hai chumba cha pili, kwa mkono wa mtu mwingine.

Madarasa ya Brown yalizaa kazi ya kweli. Shelley Jackson, aliyesoma hapo, alitoa Patchwork Girl, hadithi ya haipateksti, mwaka 1995, akilichukua lile jitu la kike ambalo katika Frankenstein ya Mary Shelley linaharibiwa kabla ya kukamilika. Mwili wake umeshonwa kwa viungo vya watu wengi, na hadithi nayo msomaji huishona mwenyewe, kipande kwa kipande. Sijui mfano bora wa umbo na maudhui kuwa kitu kimoja.

Mwaka 2002 warsha ilihamia kwenye chumba ambacho kuta zake zilikuwa skrini. Katika kazi moja iliyotoka humo, maneno yalibanduka ukutani na msomaji akayapiga kwa mkono ili yarudi.

Linaloniuma ni jinsi kazi hizi zinavyokufa. Intermedia, programu ambayo George Landow aliitumia Brown kufundishia fasihi, ilitoweka fedha zilipokatika na kampuni ya Apple ilipobadilisha mfumo wake. Kitabu cha karne ya 17 bado kinafunguka. Diski ya mwaka 1990 inadai mashine ambayo haiuzwi tena. Ndiyo maana Dene Grigar, wa Chuo Kikuu cha Washington State mjini Vancouver, anatunza maabara ya kompyuta kuukuu zinazofanya kazi. Yeye na Stuart Moulthrop waliwarekodi waandishi, Jackson akiwemo, wakizisoma kazi zao kwenye mashine za enzi zile.