Baada ya shahada ya sosholojia: Njia zilizo wazi kwa wahitimu wa pwani ya Cabo Delgado

Kijana wa Palma au Mocímboa da Praia anayehitimu sosholojia huulizwa na jamaa zake: shahada hiyo ni ya kazi gani? Mwalimu anajulikana, muuguzi anajulikana, lakini msomi wa jamii hatambulikani kwa vazi wala kwa chombo. Hata hivyo, pwani hii ya kaskazini mwa Msumbiji, inayopakana na Tanzania kwenye mto Ruvuma, ina haja kubwa ya maarifa yake.

Mfano wa Mondlane

Eduardo Mondlane, rais wa kwanza wa FRELIMO, alikuwa msomi wa sosholojia. Alihitimu chuo cha Oberlin, Marekani, mwaka 1953, na kupata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Northwestern mwaka 1960. Alifanya kazi Umoja wa Mataifa, akafundisha Chuo Kikuu cha Syracuse, kisha akaongoza harakati za ukombozi kutoka Dar es Salaam, alikouawa Februari 3, 1969. Taasisi za kimataifa, vyuo vikuu na uongozi wa umma zingali njia za wahitimu hadi leo.

Kazi zinazopatikana

Njia ya kwanza ni misaada ya kibinadamu. Uasi ulioanza Mocímboa da Praia Oktoba 5, 2017 umewahamisha watu wanaokadiriwa kufikia milioni 1, na vimbunga Kenneth (2019) na Chido (2024) vikaongeza dhiki. Mashirika ya misaada huhitaji watu wa kusajili waliohama, kupokea malalamiko na kupima iwapo msaada umewafikia walengwa.

Ya pili ni miradi ya gesi asilia. Kwa ajili ya mradi wa rasi ya Afungi, familia za Quitupo zilihamishiwa kijiji kipya cha Quitunda. Amri ya serikali nambari 31 ya mwaka 2012 inataka hali ya jamii ichunguzwe na wananchi washirikishwe kabla ya kuhamishwa. Hapo ndipo ujuzi huu unapopimwa: mhandisi huhesabu nyumba na mikorosho, ilhali msomi wa jamii huuliza mvuvi atafikaje baharini, na mwanamke aliyeokota chaza maji yakipwa atapata wapi kitoweo.

Ya tatu ni serikali: Taasisi ya Taifa ya Takwimu, taasisi ya kukabiliana na maafa, na ADIN, wakala wa maendeleo ya kaskazini ulioundwa mwaka 2020.

Ya nne ni utafiti. Taasisi ya IESE ya Maputo ilichapisha mwaka 2019 uchunguzi wa Saide Habibe, Salvador Forquilha na João Pereira kuhusu chimbuko la uasi wa Mocímboa da Praia. Elísio Macamo, mwanasosholojia wa Msumbiji, ni profesa katika Chuo Kikuu cha Basel, Uswisi.

Kwa nini kuendelea kusoma

Mara nyingi kazi ya kwanza ni mkataba mfupi wa kukusanya takwimu. Mhitimu anayejua Kimwani, Kimakonde na Kiswahili ndiye anayebisha hodi na kusikiliza, lakini uchambuzi unaweza kufanyika mbali, na watu wasioijua lugha ya waliohojiwa. Shahada ya uzamili, hasa yenye mbinu za utafiti, takwimu na uandishi wa ripoti, humwezesha kushika kalamu mwenyewe.

Chuo Kikuu cha Eduardo Mondlane, Maputo, hufundisha sosholojia. Chuo Kikuu cha Rovuma, kilichoundwa mwaka 2019, kina tawi Montepuez. Anayetaka kubaki mkoani na achunguze kozi zake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kina uzamili wa sosholojia, ila mwombaji ajiandae kwa Kiingereza na athibitishiwe shahada yake na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania.

Kuhusu ufadhili, Msumbiji ina Taasisi ya Ufadhili wa Masomo. Pia ni mwanachama wa Jumuiya ya Madola tangu 1995 na wa jumuiya ya nchi zinazozungumza Kireno tangu 1996, na zote mbili hufungua milango ya masomo. Ufadhili wa Chevening wa Uingereza kwa kawaida hudai uzoefu wa kazi wa takribani miaka 2. Kwa hiyo mikataba mifupi isidharauliwe. Kila mmoja uombewe barua ya uthibitisho.

Dhamana ya kazi

Katika eneo la vita, daftari lenye majina linaweza kuhatarisha maisha. Mtafiti huomba ridhaa, huficha utambulisho wa waliomwamini, na hajui tu la kuuliza bali pia lini asiulize. Mzaliwa wa pwani ana faida ya kuaminika, na imani hiyo ikipotea, hakuna shahada itakayoirudisha.