Maziwa Yanapomtaabisha Mtoto

 

Mtoto akianza kuhara, jirani wa kwanza kufika husema, "Maziwa yako yameharibika, mwachishe." Maneno hayo ni ya zamani, na yamedumu kwa sababu yana chembe ya ukweli. Leo tuangalie madaktari walivyoupata ukweli huo, na mahali jirani anapokosea.

Utumbo mwembamba umejaa vijidole vidogo mno, vimesongamana kama nyuzi za taulo. Juu ya vijidole hivyo hukaa vimeng'enya, vitu ambavyo mwili hutengeneza ili kukata chakula vipande vidogo viweze kuingia katika damu. Kimoja huitwa laktasi. Kazi yake ni kukata sukari ya maziwa, ambayo ni laktosi.

Kwa miaka mingi madaktari walikuwa wakikisia tu. Utumbo wa marehemu huanza kuharibika mapema, kwa hiyo haukuweza kuwaeleza mengi. Mwaka 1956, daktari Margot Shiner wa London alieleza mpira mwembamba wa kupitisha mdomoni hadi utumboni ili kutoa kipande kidogo cha nyama. Mwaka uliofuata, William Crosby wa Marekani na mwenzake walitengeneza kidonge chenye kisu kidogo ndani, kimefungwa kwenye mpira. Hebu fikiria kumezeshwa kisu! Lakini watu walikimeza, na elimu ikapatikana. Mwaka 1964, Arne Dahlqvist wa Uswidi alitoa njia rahisi ya kupima nguvu ya vimeng'enya katika kipande kama hicho.

Ikaonekana kwamba katika utumbo wenye afya vijidole ni virefu na laktasi imejaa tele. Katika utumbo ulioumia, vijidole vimefupika, pengine vimelala kabisa, na vimeng'enya vimepungua. Laktasi hukaa karibu na ncha, kwa hiyo ndiyo hupotea mapema na kuchelewa kurudi.

Halafu likaja jambo la kushangaza, tena hapa kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1966 madaktari Cook na Kajubi walichapisha uchunguzi wao wa Uganda. Wengi wa watu wazima wa Kiganda waliopimwa walikuwa na laktasi kidogo, lakini Watutsi na Wahima, ambao ni wafugaji, wengi wao waliimeng'enya laktosi bila shida. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake, waliopima watu 470 wa Kenya, Tanzania na Sudan, walionyesha kwamba mabadiliko katika chembe za urithi ndiyo huwawezesha wafugaji wengi kuendelea kumeng'enya maziwa ukubwani. Kwa hiyo baba anayejaa gesi baada ya gilasi ya maziwa si mgonjwa. Watu wazima wengi duniani wako hivyo, na mala humfaa zaidi, kwa kuwa bakteria wameshakula sehemu ya sukari hiyo.

Mtoto mchanga ni habari nyingine. Karibu kila mtoto huzaliwa na laktasi ya kutosha, awe wa mkulima au wa mfugaji. Kuhara kukiumiza vijidole, laktasi hupungua kwa muda. Sukari isiyokatwa huvuta maji utumboni, bakteria huichachusha, na mtoto hutoa choo cha majimaji chenye povu, pengine makalio yakababuka. Hapo ndipo jirani alipoona kweli. Kosa lake ni kudhani kwamba maziwa ya mama yameharibika, kumbe ni utumbo ulioumia, nao hupona.

Utauliza: si maziwa ya mama yana laktosi kuliko ya ng'ombe? Ni kweli, yanayo zaidi. Hata hivyo watoto wengi wanaohara huyavumilia vizuri, nayo huwapa maji, chakula na kinga. Endelea kunyonyesha, mara nyingi kuliko kawaida. Mpe maji ya chumvi na sukari ya pakiti, yaani ORS. Tangu 2004 Shirika la Afya Duniani na UNICEF wanashauri pia zinki kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kumekoma mapema.

Kuhara kukifika siku 14, mpeleke kituo cha afya. Huko wanaweza kukushauri upunguze maziwa ya ng'ombe kwa muda, au umpe mala ikiwa ameshaanza kula. Lakini usingoje siku hizo ukiona damu kwenye choo, macho yaliyobonyea, au mtoto amelegea na hawezi kunyonya. Mpeleke siku hiyo hiyo, na umnyonyeshe njiani kama anaweza.