Mbao za trela la boti: zikague kabla kaskazi haijaingia

Boti ya shemeji yangu iliumia ikiwa nchi kavu, juu ya trela, haijagusa maji kwa miezi minne. Aliipandisha pale Mtwapa mwezi wa Mei, kusi ilipokwisha kukolea, akaifunika turubai na kuiacha. Turubai liliikinga boti vizuri, lakini maji yote ya masika yaliteremka ubavuni na kuishia kwenye zile mbao mbili ndefu ambazo boti huzilalia. Septemba tulipokwenda kuitazama, nilibonyeza ubao mmoja kwa bisibisi ikazama yote, kana kwamba nachoma mkate wa mofa uliotoswa chaini. Uzito wa boti ulikuwa umeshukia kwenye vichwa vya bolti, na kichwa kimoja kilikuwa kimelichimba tumbo la boti kikapita ganda la nje hadi kwenye nyuzi za faiba. Mbao mpya zilikuwa gharama ndogo. Faiba ndiyo iliyomla pesa, na wiki tatu za mwanzo wa msimu zikampita akiwa amekaa barazani.

Tangu siku ile nimebadilisha mbao za trela kadhaa, za kwangu na za jamaa, na naandika haya kwa sababu wengi wetu tumezoea vyombo vya kuvutwa mchangani kwa magogo, si boti za faiba za kukaa juu ya trela. Dau likikaa pwani maji yakipwa, tunalitilia magadi ubavuni lisilale. Mbao za trela zinafanya kazi inayofanana na ya magadi, ila zenyewe hubeba uzito wote, tena barabarani, kwenye mashimo na matuta.

Jambo ambalo watu hulikosea ni kudhani kwamba chumvi ndiyo inayoozesha mbao hizi. Chumvi hula bolti na fremu ya chuma. Kuoza kwa mbao ni kazi ya ukungu, na ukungu hupenda maji matamu, yaani mvua, pamoja na kivuli na mahali pasipopita upepo. Ndiyo maana trela linaloingia baharini kila siku mara nyingi huwa na mbao nzima kuliko lililoegeshwa chini ya mwembe miezi sita. Na zulia lililofunika ubao huficha kila kitu: juu unaona zulia safi, ndani hamna ubao. Usikague kwa macho. Chukua bisibisi, ingia chini, choma ubao upande wa chini, hasa penye bolti na kwenye ncha ya nyuma. Ikizama zaidi ya unene wa shilingi, ubao huo umekwisha. Tazama pia kama ubao umepinda kati ya vishikizo viwili, na kama zulia limeota weusi usiokauka hata jua la saa nane.

Kuhusu mbao za kununua, kila fundi ana lake. Wa kwetu wengi watakwambia mbambakofi, kwa sababu ndiyo iliyojenga majahazi na milango ya Lamu. Ni mti mzuri mno, lakini ni mgumu na haukubali kujipinda kidogo kufuata tumbo la boti, nao ni ghali. Mvule hauozi upesi, na kama una kipande kilichobaki kwenye ujenzi, kitumie. Mwembe usiuguse, unafaa kuchonga mtumbwi, lakini ukiulaza chini ya zulia lenye unyevu hautakaa. Mimi hutumia paini iliyotiwa dawa, ya 2 kwa 4, na boti ikizidi futi 18 hivi huenda 2 kwa 6. Chagua ubao ulionyooka, usio na fundo kubwa katikati, kwa sababu ubao wa namna hiyo hukatikia penye fundo.

Paini ya dawa, ile yenye rangi ya kijani, ina mambo mawili ya kuangaliwa. La kwanza, dawa yake ina shaba, na shaba ikiwa na unyevu hula alumini. Kama boti yako ni ya alumini, au trela lenyewe ni la alumini, tafuta mbao zisizo na dawa uzipake rangi. La pili ni zito zaidi. Dawa iliyotumika sana kwenye mbao hizi ina kromiamu na aseniki pamoja na hiyo shaba. Vipande vinavyobaki visiende jikoni. Pwani yetu kila kijiti ni kuni, na watoto huviokota kabla msumeno haujapoa. Moshi wake ni sumu na jivu lake ni sumu. Vikusanye mwenyewe, na unapokata funika pua na mdomo kwa kitambaa.

Kuna wanaopaka oili chafu ya gari kama kinga ya mchwa. Sikubaliani nao: itachafua zulia, itachafua boti, na mara ya kwanza trela likiingia majini utaona rangi za oili juu ya maji ambayo mtoto wa jirani anaogelea. Wazee wangepaka sifa, na harufu wangeivumilia. Siku hizi mikono miwili ya rangi ya mafuta kwenye ncha zilizokatwa na ndani ya matundu ya bolti inatosha, maana hapo ndipo maji huanzia kuingia.

Sasa kazi yenyewe. Njia nyepesi ni kungoja maji ya kujaa, kuishusha boti na kuifunga nanga, kisha ukabaki na trela tupu. Ikiwa boti haiwezi kushuka, badilisha ubao mmoja kwanza, umalize, ndipo uende kwa wa pili. Inua boti kwa jeki, lakini jeki isiwe ndiyo inayoishikilia. Panga magogo au matofali mazima chini ya mkuku na ubavuni mpaka boti ikae juu yake, na magurudumu ya trela yawekewe vizuizi. Usiingize kichwa chini ya boti inayoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja ya kuokota nati.

Kabla ya kufungua chochote, piga picha kwa simu na upime: urefu wa ubao, kimo chake kutoka kwenye fremu pale mbele na pale nyuma, na umbali wake kutoka nguzo ya winchi. Ubao wa zamani, hata ukiwa umeoza, usiutupe. Uulaze juu ya ule mpya na uweke alama za matundu.

Ubao uende hadi nyuma kabisa, chini ya kile kibao kinachobeba injini. Hapa ndipo matrela mengi niliyoyaona yana kasoro. Injini ya nguvu farasi 40 hufikia kilo 70 na zaidi, na ikining'inia nje ya mwisho wa ubao, tumbo la boti hujikunja pole pole pale nyuma. Boti iliyojikunja hivyo huzamisha omo ikikimbia, na mwenyewe hulaumu injini mwaka mzima. Hakikisha pia kwamba ubao umekaa chini ya mihimili ya ndani inayokwenda kutoka omo hadi tezi. Faiba tupu iliyo katikati haikuumbwa kubeba mzigo.

Tumia bolti za kichwa cha mviringo, zilizochovywa zinki au za stenlesi. Toboa kwanza tundu pana juu ya ubao, kina cha nusu inchi, kichwa kizame humo, kisha toboa tundu jembamba hadi chini. Kichwa kilichozama hakimfikii boti hata zulia likichakaa, na hapo ndipo shemeji yangu alipoponzwa: bolti zake zilikuwa zimefungwa juu kwa juu.

Zulia liwe la plastiki tupu, lisilo na sponji wala gunia mgongoni. Zulia la sebuleni hunyonya maji na kuyashika kama godoro. Lizungushe juu na pembeni, lakini upande wa chini uache wazi ili maji yapate kutoka. Pini ziwe za stenlesi, zipigwe pembeni na chini, kamwe si juu. Pini za kawaida huliwa na ile shaba ya dawa kabla mwaka haujaisha. Kuna wanaoweka vipande vya mpira wa tairi. Mpira hung'ang'ania boti na kuiachia weusi usiotoka. Plastiki laini nayo huteleza mno: ukifungua winchi mapema kwenye mteremko, boti itakutangulia kufika na itafikia kwenye saruji.

Nati za vishikizo zifunge nusu tu mwanzoni. Rudisha boti juu, iache ijilaze na mbao zijipinde kuifuata, ndipo ukaze. Baada ya safari ya kwanza kaza tena, kwa sababu ubao mpya hukauka na kusinyaa. Kisha osha kwa maji matamu, kama unayo. Kisima cha kwetu chenyewe kina chumvi, kwa hivyo mimi huweka pipa la maji ya mvua kwa kazi hiyo. Na ukifunika turubai msimu wa kusi, livute lipite nje ya trela pande zote, na uinue omo kidogo ili maji yasitulie juu ya mbao.